Nataka kuibadilisha MT-07 yangu: sheria ya Uingereza inaniruhusu mpaka wapi?

Swali: Nina miaka 22, naishi Coventry. Nimenunua Yamaha MT-07 ya mwaka 2022. Leseni yangu ni A2, nina nayo mwaka mmoja na nusu, na ndiyo leseni yangu kamili ya kwanza. Kwa sababu hiyo pikipiki imefungwa nguvu hadi kilowati 35. Nataka kutoa ule mkia mrefu wa plastiki wa nyuma, niweke indiketa ndogo za LED, kibao kidogo cha namba, ekzosi nzima mpya na taa za rangi chini ya injini. Kuna jamaa anasema nikimpelekea jioni moja atanifungulia na nguvu zote. Mwezi wa saba tunakwenda Austria na wenzangu. Kipi kinaruhusiwa na kipi hakiruhusiwi?

Jibu: Mdogo wangu, karibu yote uliyoyataja yanafanyika kihalali ukichagua vifaa vizuri. La kukataa kwanza kabisa ni lile ulilolitaja kwa wepesi kuliko yote: kufunguliwa nguvu. Naanza na hilo.

Leseni ya A2 inakupa pikipiki isiyozidi kilowati 35, na isiyozidi kilowati 0.2 kwa kila kilo ya uzito wake. Ikiwa pikipiki imepunguzwa nguvu, basi nguvu yake ya asili isiwe imezidi maradufu ya hizo, yaani kilowati 70. MT-07 isiyofungwa ina kilowati 54, na ikiwa na mafuta ina kilo 184. Ndiyo maana ikifungwa hadi 35 inaingia kwenye A2 bila shida yoyote, na ndiyo maana inapendwa sana na vijana wa leseni yako.

Siku itakapofunguliwa, sheria haitasema umeongeza nguvu kwenye pikipiki yako. Itasema unaendesha pikipiki usiyo na leseni yake. Kosa hilo peke yake lina pointi za adhabu 3 hadi 6, zinazoandikwa kwenye leseni yako. Bima yako nayo iliandikwa kwa mtu wa A2 na pikipiki ya kilowati 35, kwa hiyo una hatari kubwa ya kuhesabiwa huna bima, na kuendesha bila bima adhabu yake ya papo kwa papo ni pauni 300 na pointi 6, na polisi wanaweza kuichukua pikipiki hapo hapo barabarani. Sasa weka juu ya hayo sheria ya madereva wapya ya mwaka 1995: anayefikisha pointi 6 ndani ya miaka 2 tangu apate leseni yake kamili ya kwanza, leseni inafutwa. Unarudi kuwa mwanafunzi, na mitihani unaanza upya, ule wa nadharia na wa vitendo. Wewe bado umo ndani ya miaka hiyo miwili. Jioni moja kwa jamaa yako inaweza kukugharimu leseni nzima.

Na huna sababu ya kufanya hivyo, kwa maana umebakiza miezi sita tu. Mwenye A2 kwa miaka 2, akiwa ametimiza miaka 21, anaruhusiwa kufanya mtihani wa vitendo wa leseni kamili ya A. Ile miaka 24 unayoisikia ni ya anayetaka A moja kwa moja bila kupitia A2, haikuhusu. Ukifaulu, peleka pikipiki kwa fundi ikafunguliwe, mpe taarifa mwenye bima, na hapo nguvu zote 54 ni zako kihalali. Kwa sasa kitunze cheti cha fundi aliyeifunga. Ukipata ajali, hicho ndicho ushahidi kwamba ilikuwa ndani ya leseni yako.

Nimelikalia hili kwa sababu linagusa pia ekzosi unayoitaka, na wengi hawalioni. Kwenye MT-07 ekzosi ya kiwandani ni kitu kimoja kilichoungwa, inatoka kwenye injini, inapita chini, na mtungi wa kusafisha moshi umo ndani yake. Huwezi kubadili sailensa ya mwisho peke yake kama kwenye pikipiki nyingine, unabadilisha yote. Ukishabadilisha yote, muuzaji atakushauri kompyuta ya injini iandikwe upya ili mafuta yalingane na hewa. Kizuizi chako cha nguvu kinaweza kuwa kipande cha chuma kwenye njia ya hewa, au kinaweza kuwa ni programu ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Kama ni programu, anayeandika upya anaweza kukifuta bila hata kukusudia, ukaondoka gereji kwake ukiwa na kilowati zaidi ya 35 na hujui. Kwa hiyo kabla hujanunua ekzosi, jua kwanza pikipiki yako imefungwa kwa njia gani, na kama kompyuta itaguswa, dai upimwe nguvu kwenye mashine na upewe karatasi. Mimi ningengoja leseni ya A ndipo nifikirie ekzosi. Ni pesa nyingi kuziweka kwenye kitu ambacho baada ya miezi sita kitahitaji kurekebishwa tena.

Sasa sheria ya ekzosi yenyewe. Pikipiki ya kisasa inaingia sokoni ikiwa imepimwa na kuidhinishwa kama ilivyo: taa zake, kelele zake, moshi wake, breki zake. Ya kwako ni ya Euro 5, kiwango cha Ulaya cha kupunguza sumu za moshi, ambacho tangu 2021 kinahusu pikipiki zote mpya. Kwa kelele, pikipiki ya nguvu kama zake ilipaswa kupita mbele ya kipaza sauti kilichowekwa mita 7.5 kando ya mstari wa njia bila kuzidi desibeli 77. Ekzosi utakayofunga inatakiwa iwe imepitia idhini kama hiyo, kwa ajili ya modeli yako hasa. Idhini inaonekana kwa alama: herufi E na namba ya nchi iliyoidhinisha, kwa mfano E1 ni Ujerumani, E3 Italia, E4 Uholanzi, E11 Uingereza, na karibu yake namba ndefu ya idhini yenyewe. Ukiletewa ekzosi mkononi, igeuze, tafuta alama hiyo upande unaotazama gurudumu au chini ya mkanda wa kuishikilia. Ipitishe kidole. Iliyochongwa au kugongwa kwenye chuma utaisikia, stika utaikwangua kwa ukucha. Kisha tazama mdomo wa ekzosi. Nyingi zina kizibo cha kupunguza sauti kilichoshikwa na skrubu moja au mbili. Idhini ya alama ile ilipatikana kizibo kikiwa ndani. Ukikitoa, alama inabaki kwenye chuma lakini haikulindi tena.

Kanuni za ujenzi na matumizi ya magari za 1986 zinakataza waziwazi kuigeuza ekzosi ili ipige kelele zaidi. Kuitoboa, kuitoa sufi ya ndani, kukata ncha, yote hayo ni kosa hata kama ekzosi ni ile ile ya Yamaha.

Kwenye MOT, yaani ukaguzi wa kila mwaka ambao huanza pikipiki ikitimiza miaka 3, mkaguzi hana kipimo cha desibeli. Anawasha, anasikiliza, anajiuliza: hii inazidi wazi kelele za pikipiki ya aina hii yenye ekzosi ya kawaida iliyo katika hali ya wastani? Ni sikio na uzoefu. Lakini akikuta kwenye chuma maandishi ya Kiingereza yanayosema si ya barabarani au ni ya uwanja wa mashindano tu, hana hiari, anaiangusha. Na maandishi hayo yapo kwenye ekzosi nyingi zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kuvutia, kwa hiyo soma picha za tangazo kwa makini kabla ya kulipa.

Kuhusu moshi, utasikia watu wakisema kutoa ule mtungi wa kusafisha moshi ni halali kwa kuwa MOT haipimi moshi wa pikipiki. Ni kweli haipimi. Lakini kutopimwa si kuruhusiwa. Pikipiki yako iliidhinishwa ikiwa nao, na bila huo haiko tena katika hali iliyoidhinishwa. Hata kabla ya sheria, fikiria jirani zako: injini isiyo na mtungi huo inatoa harufu na sumu ambazo Euro 5 ilikuja kuziondoa. Chagua ekzosi inayokuja na wa kwake. Zipo, na bei inapanda kidogo tu.

Tuje nyuma. Kutoa mkia mrefu na kuweka kishikio kifupi cha kibao cha namba ni jambo halali kabisa, nusu ya MT-07 zinazopita zimefanyiwa hivyo. Tatizo huwa ni vile vinavyotoka pamoja na mkia. Kuna kiakisi chekundu cha nyuma: sheria inakitaka, na vishikio vingi vya bei nafuu havina mahali pa kukifunga. Kinunue peke yake na kifunge chini ya kibao cha namba. Kuna taa ndogo nyeupe ya kumulika namba usiku, nayo ni lazima. Na kuna pembe ya kibao: kinatakiwa kisimame wima, au karibu na wima kadiri inavyowezekana. Kulaza kibao chini ya kiti mpaka aliye nyuma hawezi kukisoma ni kosa ambalo polisi hulitafuta, kwa sababu wanajua mara nyingi hufanywa kukwepa kamera.

Kibao kidogo ndilo ombi lako ninalolikataa kwa hesabu. Herufi za kibao cha pikipiki zina urefu wa milimita 64 na upana wa milimita 44, kati ya herufi na herufi milimita 10, kati ya mstari na mstari 13, pembezoni 11. Pikipiki yako ni ya 2022, kwa hiyo mstari wa juu una herufi mbili na tarakimu mbili. Zikiwa zote za upana kamili ni 44 mara nne, ongeza nafasi tatu za 10, ongeza pembezoni mbili za 11: milimita 228. Kwenda juu, mistari miwili ya 64, nafasi ya 13 na pembezoni mbili: milimita 163. Chini ya hapo lazima umebana herufi, umepunguza nafasi au umekata pembezoni, na kila kimojawapo ni kosa lenye faini ya hadi pauni 1,000, na MOT pia inakuangusha. Mtengenezaji halali wa vibao atakuomba kadi ya usajili na kitambulisho. Anayekutengenezea bila kukuuliza chochote, na kuandika kwamba ni cha maonyesho, amejilinda yeye. Wewe ndiye utakayesimamishwa. Mbele usiweke kibao kabisa, pikipiki zilizosajiliwa tangu Septemba 2001 zinakuwa na cha nyuma tu.

Indiketa za LED, weka. Ziwe na alama ya E kwenye kioo, rangi ya kahawia-manjano, na zisibanane: kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 53 ya taa za pikipiki inataka angalau milimita 240 kati ya zile za mbele na 180 kati ya zile za nyuma. Kuna jambo moja litakusumbua. LED inakula umeme kidogo, mfumo wa pikipiki ukadhani taa imeungua, ukaanza kumemeta mbio mbio. Sheria inataka kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Hesabu kwa saa ya simu kabla ya kwenda MOT. Dawa yake ni relei inayokubali LED, au rezista kwenye waya. Rezista hupata moto, basi ifunge kwenye chuma, usiifiche kwenye plastiki chini ya kiti. Ukimaliza kuunga waya za nyuma, bonyeza breki ya mkono peke yake, kisha ya mguu peke yake. Taa ya breki lazima iwake kwa kila moja.

Taa za rangi chini ya injini naelewa zinatoka wapi. Dar na Mombasa bodaboda iliyovaa buluu na kijani usiku ni fahari ya mwenyewe, na inapendeza. Hapa buluu imehifadhiwa kwa polisi, ambulensi na zimamoto, nyekundu hairuhusiwi kuonekana mbele, na nyeupe hairuhusiwi kuonekana nyuma isipokuwa ile ya namba na ya kurudi kinyumenyume. Ukizitaka kwa ajili ya maonyesho ya pikipiki, ziwekee swichi yake na zibaki zimezimwa barabarani. Kwa kweli ningekushauri pesa hiyo uiweke kwenye tairi nzuri. Kiwango cha chini hapa ni milimita 1 ya vijia kwenye robo tatu ya upana wa tairi, lakini kwa mvua za Coventry milimita 1 ni ndogo mno.

Vioo hukuuliza, ila najua utavigusa, kila mtu hufanya hivyo. Ajabu ni kwamba kanuni za 1986 hazilazimishi pikipiki kuwa na vioo, na MOT haikuangushi kwa kukosa. Usivitoe hata hivyo. Viwe vidogo ukipenda, lakini viwe viwili na vioneshe barabara iliyo nyuma yako badala ya viwiko vyako.

Mkia mpya ufungwe kwa boliti kwenye matundu yaliyopo. Usimruhusu mtu akate fremu ya nyuma na kuunga nyingine ya duara, hata akikuonyesha picha nzuri. Fremu ndiyo inayobeba utambulisho wa pikipiki, na ukiikata unaingia kwenye mlango mwingine kabisa: kuijulisha DVLA, mamlaka ya usajili iliyoko Swansea, na kujiandaa kwa uwezekano wa pikipiki kuhitaji kukaguliwa upya. DVLA wanatakiwa kujua pia ukibadili rangi au injini. Indiketa, ekzosi na kishikio cha namba hawahitaji kujua. Na ukiondoa kiti au vikanyagio vya abiria, basi hakuna kupakia: sheria inataka abiria akae ametanua miguu kwenye kiti kilichofungwa imara nyuma ya dereva, na awe na pa kuweka miguu.

Bima inahitaji kujua yote. Hapa ndipo nawaona vijana wetu wakiumia zaidi, kwa sababu wanadhani ikipita MOT basi mambo yamekwisha. MOT inatazama usalama siku ile. Bima inatazama kama uliwaambia ukweli. Sheria ya 2012 kuhusu taarifa za mteja wa bima inakutaka ujibu maswali yao kwa uangalifu unaostahili, na wote huuliza kama pikipiki imebadilishwa. Ukisahau kwa uzembe wanaweza kukupunguzia malipo. Ukificha kwa makusudi wanaweza kuufuta mkataba wote. Aliyeumizwa anaweza kulipwa na kampuni, kisha kampuni ikageuka kukudai wewe. Andika barua pepe kabla ya kununua: kishikio cha namba, indiketa, ekzosi yenye idhini, taja kila kimoja kwa jina na mtengenezaji. Kampuni moja itasema sawa bila kuongeza hata senti, nyingine itaongeza, nyingine itakataa. Jibu lao lihifadhi. Kupiga simu peke yake hakutoshi.

Haya yote ni ya England, Wales na Scotland. Ireland ya Kaskazini ina taratibu zake za ukaguzi.

Austria sasa. Kwenye wilaya ya Reutte, jimbo la Tirol, tangu kiangazi cha 2020 kumekuwa na katazo la msimu kwenye baadhi ya njia zinazopendwa na waendesha pikipiki, ikiwemo ya bonde la Lech na ile ya kupanda Hahntennjoch: pikipiki ambayo kelele zake za kusimama, yaani zilizopimwa ikiwa imesimama, zilizosajiliwa zinazidi desibeli 95 haipiti. Zingatia neno zilizosajiliwa. Wanasoma karatasi, hawapimi ekzosi yako. Kwa hiyo pikipiki tulivu yenye namba kubwa kwenye karatasi inarudishwa. Kwenye kadi yako ya usajili, inayoitwa V5C, tafuta mstari wa U.1, hapo ndipo ilipoandikwa. Fanya hivyo kwa pikipiki za wenzako wote kabla hamjalipia hoteli, maana mmoja akizidi 95 itabidi kundi zima mpite njia nyingine. Beba kadi ya asili badala ya picha ya simu, weka stika ya UK nyuma, na kizibo cha ekzosi kikae mahali pake tangu unapotoka nyumbani.